Shajara ya mradi: ethaneti ya waya mbili kwenye banda la korosho, Mtwara

Julai

Kazi yenyewe ni hii. Banda la kubangulia korosho, njia ya kwenda Mikindani, lina chungu cha mvuke, meza za wabanguaji, tanuri la kukaushia na stoo ya korosho ghafi. Mwenye banda, ambaye sote tunamwita Mama, anataka kuona joto la tanuri na unyevu wa stoo bila kumtuma mtu akachungulie. Anataka pia kujua hali ya feni ya tanuri. Feni ikichoka, korosho karanga zinaungua upande mmoja na kubaki na unyevu upande wa pili, na mnunuzi hana muda wa kusikiliza habari za feni.

Vipimo vya awali vipo. Kuna laini ya RS-485, waya za kupitishia data viwandani, inayozungumza Modbus, lugha ya kuuliza na kujibu kati ya vifaa, kwa biti 9600 kwa sekunde, na inafanya kazi. Siisemi vibaya: Modbus ilitoka 1979 na mpaka leo inaendesha viwanda vingi. Kumuuliza mmoja na kujibiwa ni baiti kama 17, yaani karibu milisekunde 20, ukiacha kimya cha lazima kati ya ujumbe mmoja na mwingine. Kwa joto la tanuri inatosha kabisa. Kwa mota haitoshi. Mkondo wa mota nataka niuone wimbi lake, si namba moja ya wastani, na sampuli elfu kadhaa kwa sekunde hazipiti kwenye tundu hilo.

Kero nyingine ni ya mwilini. Kila nikitaka kurekebisha programu ya boksi moja lazima nipande ngazi, nifungue skrubu, nichomeke kebo, huku mvuke unanipuliza usoni. Halafu data zote zinapita kwenye kikompyuta kimoja kinachotafsiri Modbus kuwa IP, lugha ya intaneti. Kikizima hicho, banda zima linapotea machoni.

Ethaneti ya kawaida, ule mtandao wa kebo wa kompyuta za ofisini, niliipima nikaiweka kando. Kila boksi linadai kebo yake mpaka kwenye swichi (boksi la kugawa mtandao), transfoma zake ndogo, na soketi ya RJ45. Soketi hizo, kwa hewa ya chumvi ya huku pamoja na mafuta ya ganda la korosho, naona meno yake yanageuka kijani kabla mwaka haujaisha.

Kinachobaki ni 10BASE-T1S. Ni sehemu ya kiwango cha IEEE 802.3cg kilichopitishwa 2019: megabiti 10 kwa sekunde, jozi moja ya waya zilizosokotana, nodi (yaani vifaa vilivyounganishwa) zisizopungua nane kwenye laini moja ya hadi mita 25, na swichi hakuna. Banda letu, kutoka mlango wa stoo hadi nyuma ya tanuri, linaingia humo.

Waliosukuma jambo hili hasa ni watu wa magari. Gari la kisasa lina ethaneti ya kasi kwa kamera na kompyuta kubwa, lakini milango, taa na sensa ndogo zimebaki kwenye CAN, laini ya data ya magari ambayo Bosch waliitoa miaka ya 1980. Fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, ya CAN ya zamani inabeba baiti 8, na ya CAN FD, toleo lake la baadaye, inabeba 64. Kati ya dunia hizo mbili lazima kuwe na mtafsiri, na mtafsiri ana gharama na ana magonjwa yake. Kikompyuta cha hapa bandani ni ugonjwa uleule, wa bei nafuu tu.

Agosti, mwanzoni

Vipande vimeagizwa, bado viko njiani kuja Dar, kisha vitapakiwa kwenye basi. Muda huu ni wa kusoma na kubishana.

Kijana ninayefanya naye kazi, aliyemaliza VETA, ameniuliza swali zuri kuhusu mikrokontrola, ile kompyuta ndogo ya chipu moja inayoendesha kila boksi: "Fundi, mikrokontrola ina kumbukumbu, ina saa, ina CAN, ina kila kitu. Kwa nini hawaiwekei na ethaneti yote humohumo tukamaliza?"

Walishaiweka. TM4C1294 ya Texas Instruments ina MAC (sehemu inayopanga fremu) na PHY (sehemu inayozungumza na waya) ndani ya chipu moja, ya megabiti 10 na 100. Nje unaongeza transfoma na soketi. Kabla yake Freescale walikuwa na MC9S12NE64 ya mtindo huohuo. Kwa boksi linalokaa ofisini chini ya feni, ni mpango safi. Lakini ukifungua bodi nyingi za viwandani, na karibu zote za magari, utakuta PHY imekaa peke yake pembeni ya mikrokontrola, na hawakufanya hivyo kwa uvivu.

PHY ina kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni hesabu: kuchukua biti nne na kuzifanya tano, kuzichanganya, kupanga zamu ya kusema. Kazi hiyo transista ndogo inaipenda, na kadiri transista zinavyozidi kuwa ndogo ndivyo inavyochukua nafasi ndogo na umeme kidogo. Ya pili ni kusukuma volti kwenye waya unaopita nje, na kusikiliza kinachorudi. Hapo panahitajika transista nene, za kuvumilia mtu anayegusa waya akiwa na umeme wa mwilini, au fundi wa gari anayegusisha laini na betri. Chukua TJA1051 ya NXP, kichipu cha kawaida cha kutuma na kupokea kwenye laini ya CAN (transiva): pini zake za laini zinavumilia kuanzia volti −58 hadi +58. Mikrokontrola ya kisasa ndani yake inafanya kazi kwa volti moja na kidogo, na pini zake nyingi mwisho ni 3.3. Ukitaka zote zikae kwenye kipande kimoja cha silikoni, unailipia mikrokontrola nzima bei ya ule unene, wakati unaohitaji unene ni mlango tu.

Korosho yenyewe ndivyo ilivyojengwa: ganda ndilo linalobeba mafuta yanayobabua, na karanga imekaa ndani haijui.

Kwa hiyo swali halisi si kama tuunganishe au tusiunganishe. Ni wapi pa kukata. Na hapo kuna njia tatu zinazouzwa au zinazokuja.

Njia ya kwanza, MAC ikae ndani ya mikrokontrola na PHY nzima nje. Kati yake unapitisha kiunganishi cha MII, waya 16, au RMII, waya nane hivi na mapigo ya megahezi 50, na juu yake mbili za MDIO, za kuipangia PHY. Pini zinaisha. Bodi inataka mkono mzuri wa kuchora. Na lazima ununue mikrokontrola yenye MAC, ambayo si ya bei ya chini.

Njia ya pili, MAC na PHY zote zitoke nje zikae pamoja, zizungumze na mikrokontrola kwa SPI, laini fupi ya chipu na chipu. LAN8651 ya Microchip na NCN26010 ya onsemi ziko hivi. Waya nne na moja ya kukatiza kazi, basi. Mikrokontrola yoyote yenye SPI inaingia kwenye mtandao, hata ile ndogo ya kuwashia taa.

Ya tatu ndiyo ninayoitamani. Sehemu yote ya hesabu, MAC na upande wa dijitali wa PHY, inamezwa na mikrokontrola. Nje kinabaki kichipu kidogo cha analogi, kinachounganishwa kwa waya tatu: moja ya kutuma, moja ya kupokea, na moja ya kusema kuna nguvu kwenye laini. OPEN Alliance, muungano wa kampuni za ethaneti ya magari, ndio ulioandika makubaliano ya waya hizo tatu. Ni mkato uleule wa CAN, ambapo akili iko ndani na mlango uko nje.

Kwa fundi wa Mtwara mkato huu una maana kuliko kwa mhandisi wa Stuttgart. Radi ikipiga karibu, au waya wa fezi ukigusa laini, kinachokufa ni mlango. Ukiwa umeumeza ndani ya mikrokontrola, umekufa nao pamoja na programu yako. Ukiwa nje, na miguu yake naiona, naung'oa na kulehemu mwingine hapahapa mezani. Anayesifia chipu moja yenye kila kitu aniambie kwanza spea yake anaipata wapi siku ya Jumamosi jioni.

Ila kwa mradi huu tunakwenda na njia ya pili. LAN8651 inauzwa hata moja moja na maelezo yake yamekamilika.

Agosti, katikati

Vipande vimefika, vimefungwa ndani ya gazeti kana kwamba ni sabuni. Nodi tatu mezani.

Jambo la kwanza la kuona kwa osiloskopu, kifaa chenye kioo cha kuonyesha mawimbi ya umeme, ni zamu. Ethaneti ya zamani ya waya mmoja ilikuwa ya kugombana: wawili wakisema pamoja wanagongana, kila mmoja ananyamaza kwa muda wa bahati nasibu, wanajaribu tena. Ndiyo maana watu wa viwanda hawakuiamini, kwani huwezi kuahidi ujumbe utafika lini. T1S ina PLCA, utaratibu wa zamu. Nodi namba 0 inatoa mlio mfupi wa kufungua mzunguko. Halafu kila nodi, kwa kufuata namba yake, inapewa nafasi. Asiye na neno anapitwa baada ya muda wa biti 32, yaani mikrosekunde 3.2, na mwenye neno anasema mpaka amalize fremu yake.

Kwenye kioo inapendeza. Mlio, kimya, kimya, kimya, mlio. Nikibonyeza kitufe kwenye nodi namba 2, pengo la tatu linajaa mistari halafu mzunguko unaendelea.

Hesabu ya nodi nane: mzunguko mtupu ni kama mikrosekunde 28. Mzunguko mbaya kuliko wote, kila mmoja akiwa na fremu ya ukubwa wa mwisho, unakaribia milisekunde 10. Hiyo ndiyo ahadi. Ujumbe utasubiri milisekunde 10 hivi, hautasubiri bahati.

Mambo mawili ya kuzingatia kwa atakayejaribu. Muda wa nafasi lazima ulingane kwenye nodi zote, la sivyo kila mmoja anahesabu zamu yake mwenyewe na laini inakuwa soko la samaki. Na namba za nodi nimeziweka kwa swichi ndogo za kidole kwenye bodi, si ndani ya programu, ili programu iwe moja kwa maboksi yote na mtu yeyote aweze kubadilisha boksi bila kompyuta.

Nimeizima nodi 0 makusudi. Mlio ukakoma, na zilizobaki zikarudi kwenye utaratibu wa kugombana. Data zikaendelea kupita, ila bila ahadi. Ni vizuri kujua kwamba banda halitakuwa bubu kwa sababu ya boksi moja.

Agosti, mwishoni

Upande wa SPI. Data zinakatwa vipande vya baiti 64, kila kipande na baiti 4 za maelezo, kwa hiyo 68 kila upande kwa wakati mmoja. Fremu kubwa kabisa inataka vipande 24. Kwa SPI ya megahezi 20 ni milisekunde 0.65 hivi, na kwenye waya wa mtandao fremu hiyohiyo inachukua 1.22. Tunaweza kuukimbiza waya. Kwa megahezi 8 ni zaidi ya 1.6, waya unatuacha nyuma na akiba ya chipu inafurika. Chipu inakubali hadi 25. Tumebaki kwenye 20 na DMA, inayohamisha data yenyewe, kwa hiyo mikrokontrola ina muda mwingi wa kusoma sensa.

Juu yake lwIP, programu ya IP kwa mikrokontrola. Hapakuwa na la kusimulia.

Septemba

Kufunga bandani. Kebo ni ya kawaida ya jozi nne: jozi moja ya mtandao, mbili zinabeba volti 24, moja ya akiba. T1S haipendi matawi. Kipande kinachotoka kwenye laini kuu kwenda kwenye nodi kisizidi sentimita 10, kwa hiyo kebo inaingia kila boksi na kutoka, bodi imekaa palepale kwenye njia. Mwanzo na mwisho wa laini pana rezista ya omu 100. Rezista hizo nimeziweka upande wa laini, mbele ya kapasita zinazozuia umeme mnyoofu usiingie kwenye bodi, na faida yake ni hii: umeme ukiwa umezimwa unapima jozi kwa mita ya kawaida. Ukiona 50, zote mbili zipo. Ukiona 100, moja imechomoka. Chini ya 50, mtu kaongeza ya tatu au waya zinagusana. Waliozoea CAN wanajua kipimo hiki kwa 60.

Viunganishi ni vya skrubu ndani ya maboksi yaliyofungwa kwa mpira, na bodi zimepakwa vanishi. Diodi za kinga zilizokuwa kwenye laini ya RS-485 hazifai hapa. Zina kapasitansi kubwa mno, zinazilainisha kingo za mawimbi mpaka mpokeaji hajui biti imegeuka wapi. Nimetumia zilizotengenezwa kwa ajili ya laini za kasi.

Mama alipita tukiwa juu ya ngazi.

"Fundi, hicho kitaniambia korosho zimekauka?"

"Shikamoo, Mama. Kitakuambia joto na unyevu. Kukauka utaamua mwenyewe."

"Marahaba. Basi hakijafika kwenye mkono wangu." Akachukua karanga moja kutoka kwenye trei, akaivunja katikati, akasikiliza, akaenda zake.

Siku ya kuwasha feni, tatizo likajitokeza. Kila kontakta (swichi ya sumaku) ya feni inapoachia, fremu kadhaa zinapotea. Wakati huohuo RS-485 ya zamani, kwenye bomba lilelile, haijui lolote. Sababu iko kwenye upana wa biti. Kwa 9600 biti moja ina mikrosekunde 104. Cheche ya kontakta ni mfululizo wa miiba ya nanosekunde makumi tu, inapita katikati ya biti bila kuonekana. Kwenye T1S alama moja ina nanosekunde 80. Mwiba mmoja unatosha kuigeuza, hesabu ya ukaguzi mwishoni mwa fremu inakataa, na fremu nzima inatupwa. Ethaneti haisahihishi, inatupa tu.

Tulifanya mambo matatu. Kwanza kontakta: rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 sambamba na koili yake, ili nguvu ya koili iishie humo. Pili njia: bomba la zamani linabeba kebo za fezi tatu pamoja na laini ya data, basi laini mpya tumeihamishia ukuta wa pili, na panapolazimu kukatisha inakatisha kwa pembe mraba. Tatu, choki ya kuzuia kelele inayoingia kwenye waya zote mbili kwa pamoja, moja kwa kila nodi. La kwanza lilipunguza upotevu sana. La pili likaumaliza kwa jinsi tulivyoweza kupima. Choki zimebaki kwa sababu msimu wa mvua una radi zake.

Juu ya yote, ujumbe wa tahadhari ya joto unatumwa tena mpaka ujibiwe. Wimbi la mota halirudiwi: sampuli chache zikipotea, zimepotea.

Septemba, mwishoni

Jaribio la pembeni, kwenye Fuso la kubebea magunia, maana rafiki yangu wa gereji ana hamu ya kupima uzito kwenye ekseli. Nodi mbili, moja kwenye kabini na moja nyuma. Laini haikusumbuka wakati wa kupiga stata. Umeme wa kuilisha ndio uliosumbuka, volti zinaanguka na mikrokontrola inaanza upya. Na kuanguka si hatari kama kupanda. Kwa gari la volti 24 ambalo altaneta yake haina kizuizi cha volti za ghafla, kiwango cha ISO 16750-2 kinataka kifaa kijaribiwe kwa mshituko wa volti 151 hadi 202, ule unaotokea betri ikichomoka altaneta ikiwa inachaji. Kabla ya kufikiria mtandao wa lori, fikiria kwanza mlango wa umeme. Tumeliacha hapo.

Oktoba

Msimu umeanza na barabara ya kwenda maghalani imejaa malori. Maboksi yanafanya kazi. Leo nimebadilisha programu ya nodi zote nikiwa nimekaa mezani kwa Mama, nakunywa chai, ngazi iko imeegeshwa ukutani. Programu mpya haikubaliki bila saini ya kidijitali, kwa sababu kitu chenye anwani ya IP ni kitu ambacho mtu anaweza kukizungumzisha, na mtandao wa banda umetengwa na Wi-Fi ya wageni wanaokuja kuangalia sampuli.

Wimbi la mota limeshatoa faida yake. Mkondo wa feni ulikuwa na mtikisiko unaojirudia kwa kila mzunguko. Beringi imefunguliwa, imekutwa imekwisha upande wa puli. Mama hakusema kitu kuhusu mtandao, aliuliza tu beringi ni shilingi ngapi.

Kilichobaki ni stoo ya pili, ng'ambo ya uwanja wa kuanikia. T1S haifiki huko. Hapo tutatumia ndugu yake kwenye kiwango hichohicho, 10BASE-T1L, ambayo ni ya ncha mbili tu lakini inakwenda hadi mita 1000 kwa jozi moja. ADIN1110 ya Analog Devices inaweza kuzungumza SPI kwa makubaliano ya OPEN Alliance ambayo LAN8651 pia inayafuata, kwa hiyo sehemu kubwa ya programu haitaguswa. Nimeagiza mbili, na spea moja ya LAN8651 kwa kila nodi tatu. Kebo iko tayari. Mtaro unachimbwa wiki ijayo, kabla magunia hayajaziba njia.